Kipindi cha Tatu

Jumatatu, kipindi cha tatu. Joto la Tanga limeshahamia darasani.
Naandika ubaoni: HISTORIA YA KICHEKESHO JUKWAANI,
chaki inakatika kwenye herufi ya mwisho.
Wanacheka.
Nawaambia, hapo ndipo kilipoanzia:
kitu kimekatika, na si chako.

Nikawapeleka mbali, kwa Wayunani
waliojifunga matumbo ya matambara,
wakavaa nyuso za bandia, vinywa kama milango ya stoo,
wakawasema wakubwa mchana kweupe
na wakubwa wenyewe wamekaa mstari wa mbele.
Kisha Warumi, na mtumwa wao mjanja
anayemzungusha bwana kama pia.
Mwantumu akanyoosha mkono:
"Mwalimu, akishatoka jukwaani,
bado ni mtumwa?"
Nikafunua daftari langu. Daftari likanyamaza.

Tukapanda mkokoteni wa Waitaliano,
mabahili, matabibu wasiojua homa,
na ile fimbo ya mbao mbili
inayolia kuliko inavyouma.
Shehoza aliiunda kwa rula mbili za seremala,
akamshindilia Kizito mgongoni, paa!
Mkuu wa shule akachungulia dirishani.
Sote tukawa tunasoma.

Tukarudi nyumbani, Ngamiani, enzi za beni:
kuli wa bandarini ndani ya koti la kamanda,
nishani kifuani za kopo la maziwa,
anampigia saluti Bwana Shauri
na Bwana Shauri hajui apokee au akasirike.
Halafu kumbi za baa, baina ya sarakasi na muziki,
mlevi wa kuigiza akianguka mara sita
kwa ujira wa kuanguka mara moja.

Nikatunga mtihani: *Eleza, kwa mifano, sababu tano za kicheko.*
Hakucheka mtu.
Miaka kumi na saba nimefundisha kicheko
kwa uso wa karani wa ushuru.

Jumatano kiti cha Semboja kilikuwa kitupu.
Baba yake. Muheza. Ghafla.
Tukachanga nauli, tukaenda.
Mwantumu na wenzake wakabaki uani na kina mama,
sisi tukaelekea makaburini, kofia mkononi wasio na kofia.

Na jeneza likiwa begani bado,
mzee mmoja akajitumbukiza kaburini,
akajilaza ubavu, akajifunika kanzu usoni.
Mihayo, Mnyamwezi; babu yake aliletwa na mkonge.
"Hapa pangu! Mzigua huyu ana deni langu,
jogoo, tangu mwaka wa njaa.
Leo anataka kuhamia bila kulipa?"
"Toka, mtani. Elfu mbili hii."
"Elfu mbili! Chumba chenyewe hakina dirisha!"

Shehe akakohoa, akaficha meno kwenye ndevu.
Na Semboja, siku mbili hajatamka neno,
akacheka,
kicheko kikubwa, cha aibu, kama mtu aliyeteleza sokoni,
na nyuma ya kicheko, kupitia mlango uleule,
kilio kikatoka chote.
Hakuna aliyemnyamazisha.

Mihayo akapanda juu, akahesabu fedha,
akarudisha noti moja: "Imechanika,
kama shati la marehemu siku ya posa yake."
Akapewa nyingine.
Akakunja kanzu, akashika jembe,
akawa wa kwanza kufukia.

Jumatatu iliyofuata, kipindi cha tatu,
nilisimama mbele ya ubao na chaki nzima
nisijue niianzie wapi.
Shehoza akauliza: "Ile ya Muheza, Mwalimu, ni karne ya ngapi?"
Nikaacha mstari mtupu.
Mwantumu, aliyesimuliwa tu, akanyoosha mkono:
"Na akishatoka kaburini,
bado ni mtani?"

Safari hii sikufunua daftari.
Semboja alikuwa amerudi, amenyolewa, kola imemzidi shingo.
Akajibu bila kusimama:
"Bado. Jana kaja na baiskeli
kumchukua jogoo."